Pembetatu Zilizo Sawa, na Jinsi ya Kuwafundisha Watoto

Zamani, nilipokuwa karani kijana, niliandika katika daftari la ofisi moja vipimo vya kiwanja cha mtu. Upande wa mbele, ulioelekea njiani, futi 80. Upande wa mashariki futi 60. Upande wa nyuma futi 80. Na upande wa magharibi futi 60. Nikapiga mstari chini ya hesabu zangu, nikaona kazi imetimia. Ikapita miaka, na yale mawe mawili ya nyuma yaliyokuwa alama ya mpaka yakang'olewa, wala hapana aliyejua kama yaling'olewa na jembe au na mkono wa mtu. Daftari likaletwa mbele ya wazee ili liamue. Jirani wa mashariki akapima, akasema kwamba kiwanja kimelalia magharibi. Jirani wa magharibi naye akapima, akasema kimelalia mashariki. Na kila mmoja alipoonyesha mahali pa mawe yake, futi zangu zote nne zikamkubali. Shauri lile lilikaa misimu miwili ya kulima, na watu waliokuwa wakiombana moto wakaacha kuamkiana.

Kosa halikuwa la majirani wala la wazee. Lilikuwa langu mimi, niliyedhani kwamba pande nne zatosha kukifunga kiwanja. Shuleni nilikuwa nimefundishwa habari za pembetatu zilizo sawa, na kanuni zake nilizisema kwa moyo bila kukosea neno, lakini hapana siku niliyoonyeshwa kanuni zile zafanya kazi gani. Basi nataka kueleza hapa somo hilo lilivyo, na jinsi liwezavyo kufundishwa katika madarasa ya kati, ili mtoto akitoka darasani ajue kilichomponyoka karani yule.

Mwalimu na aanze na vijiti, asianze na ubao. Twaa vijiti vinne, viwili vya inchi 8 na viwili vya inchi 6, uvifunge ncha kwa ncha kwa uzi mpaka vifanye umbo la mlango. Sasa sukuma pembe moja kwa kidole. Umbo lote lalala upande, na kila kijiti ni kirefu vile vile kama kilivyokuwa. Pande hazikubadilika hata kidogo, bali kilichomo ndani kimepungua. Kiwanja changu, kama kilisimama katika pembe mraba, kilikuwa na eneo la futi za mraba 4,800. Kingelazwa hata pembe yake ya chini iwe ya nyuzi 30, kingebaki na 2,400, yaani nusu kamili, na daftari lisingeona tofauti. Kisha twaa vijiti vitatu, uvifunge vivyo hivyo. Sukuma utakavyo; havisogei. Ndiyo sababu seremala atengenezaye mlango wa mbao hupigilia ubao wa mshazari, na ndiyo sababu kenchi za paa hufanywa za pembetatu. Hapana umbo jingine la pande zilizonyoka linalojishika lenyewe namna hiyo.

Watoto wakiisha kuona kwa macho yao, waulizwe swali ambalo ndilo somo zima. Pembetatu ina vipimo sita: pande tatu na pembe tatu. Nikitaka mwenzangu aliye mbali achore pembetatu iliyo sawa kabisa na yangu, yanipasa nimpelekee vipimo vingapi, na vipi?

Hili lafaa kufanywa kama mchezo. Mtoto mmoja achore pembetatu katika karatasi, aifiche. Aandike vipimo vichache awezavyo katika kikaratasi, ampelekee mwenziwe aliye upande wa pili wa chumba. Mwenziwe achore kwa kufuata vipimo hivyo tu, bila kuuliza neno. Kisha wakate pembetatu zote mbili kwa mkasi, waweke moja juu ya nyingine. Zikifunikana pasipo kubaki ukingo popote, hata kama yapasa moja igeuzwe nyuma mbele kama kiatu cha kushoto na cha kulia, zaitwa pembetatu zilizo sawa kamili. Nasema "kamili" kwa makusudi, kwa kuwa ziko pia zilizo sawa kwa umbo wala si kwa ukubwa, na watoto huzichanganya sana.

Punde watagundua wenyewe kwamba kipimo kimoja hakitoshi, wala viwili havitoshi. Vitatu vyatosha, lakini si vitatu vyovyote, na hapa mwalimu asifanye haraka, maana ndipo penye utamu wa somo.

Atakayepeleka pande tatu, atafanikiwa. Mwenziwe atachora upande mmoja, kisha kwa bikari atapiga tao kutoka ncha moja na tao kutoka ncha ya pili, na yanapokutana ndipo penye kilele. (Wacha mtoto mmoja apeleke inchi 9, 4 na 3, uone watakavyoshangaa: tao hazikutani, kwa kuwa pande mbili fupi zikijumlishwa hazifiki urefu wa ule mrefu.) Atakayepeleka pande mbili na pembe iliyo kati yake, atafanikiwa pia, na hili halihitaji maneno mengi, kwa maana mikono miwili ikiisha kufunguliwa kwa kadiri ijulikanayo, vidole vyake viko mahali pamoja tu. Na atakayepeleka pembe mbili na upande mmoja, akisema upande huo uko wapi, naye atafanikiwa.

Sasa waje walioshindwa. Wa kwanza amepeleka pembe tatu, akajiona ametoa vingi kuliko wenziwe. Lakini pembetatu ya mwenziwe yaweza kuwa ndogo kama kiganja au kubwa kama ubao, na pembe zikawa zile zile. Tena mtoto huyu alidanganyika kwa hesabu: alidhani ametoa vipimo vitatu, na kumbe ni viwili, kwani tutaona kwamba mwenye kujua pembe mbili za pembetatu aijua na ya tatu.

Aliyeshindwa wa pili ndiye anipendezaye zaidi, kwa sababu kosa lake ni la kijanja. Amepeleka pande mbili na pembe moja, lakini pembe isiyo kati ya pande hizo. Ili kuonyesha kosa lake, chora mstari mrefu kutoka nukta A. Kwenye A fungua pembe ya nyuzi 30, na juu ya mkono wake wa pili pima inchi 6, uweke nukta B. Kisha twaa uzi wa inchi 4, ushike ncha yake kwenye B, uuzungushe mpaka uguse ule mstari wa chini. Utaugusa mahali pawili! Pembetatu moja ni nyembamba na ya pili ni pana, na zote mbili zina upande wa inchi 6, na upande wa inchi 4, na pembe ya nyuzi 30. Mpelekaji hakusema uongo, na mpokeaji hakukosea kufuata, nao wamepata pembetatu mbalimbali. Majirani wale wawili walikuwa katika hali iyo hiyo. Kama pembe ile ingalikuwa pembe mraba, hatari hii isingalikuwapo, kwa kuwa uzi hugusa huku na huku kwa umbali mmoja na pembetatu mbili zipatikanazo ni sawa. Lakini jambo hilo lingoje siku nyingine.

Baada ya hayo yapasa watoto wajue tabia za pembe zenyewe. Nimeona walimu wakiwapa watoto kipimapembe siku nzima, wapime, waandike, wapime tena. Kupima ni kwema, walakini hakuwezi kuthibitisha jambo. Waambie watoto thelathini wapime pembe za pembetatu zao na kuzijumlisha. Mmoja atapata nyuzi 179, mwingine 182, mwingine 180. Mwalimu asiwakaripie wala asiwaamuru wafute ili wote wawe na 180. Awaulize: je, kila pembetatu ina jumla yake yenyewe, au ni macho yetu na kalamu zetu? Swali hili haliwezi kujibiwa kwa kipimapembe kilicho bora zaidi, maana hapana awezaye kupima pembetatu zote za dunia. Lajibiwa kwa kufikiri.

Na kufikiri kwenyewe ni kufupi. Mtu akisimama akielekea mashariki, kisha akageuka mpaka ameelekea magharibi, amegeuka nyuzi 180; kwa hiyo pembe zote zilizopangana upande mmoja wa mstari ulionyoka zina jumla ya nyuzi 180. Sasa mistari miwili ikikatana kama mkasi uliofunguliwa, zapatikana pembe nne. Pembe ya juu pamoja na ya ubavuni zafanya 180. Na pembe ya chini pamoja na ile ile ya ubavuni zafanya 180. Basi ya juu na ya chini, zinazotazamana, hazina budi kuwa sawa. Hatukupima kitu, nasi twajua kwa mikasi yote. Haya ndiyo yaliyonishangaza nilipoyaelewa nikiwa mtu mzima.

Kadhalika, mistari miwili sambamba ikikatwa na mstari wa tatu, pembe mbili zilizo ndani ya mikunjo ya herufi Z ni sawa. Kwa hilo fumbo la jumla lafunguliwa. Chora pembetatu, na kupitia kilele chake chora mstari ulio sambamba na kitako. Pembe ya kitako ya kushoto yahamia juu, kushoto kwa kilele, kwa njia ya herufi Z. Na ile ya kulia yahamia kulia. Sasa pembe zote tatu zimepangana upande mmoja wa mstari ulionyoka, nazo zafanya 180. Mtoto aliyepata 179 na aliyepata 182 wote wataona kwamba kasoro ilikuwa katika kalamu.

Elimu hizi mbili, ya pembe na ya pembetatu sawa, zikiungana zafanya kazi ambayo macho ya watoto hayataisahau. Siku moja watolewe nje mpaka mtoni, wakae mbali na maji. Waulizwe upana wa mto, pasipo mtu kuuvuka. Chagua mti ulio ng'ambo, ukingoni kabisa. Simama ukingo wa huku, ukiuelekea mti huo moja kwa moja, uchomeke kigingi. Geuka pembe mraba, utembee kando ya mto hatua 20, uchomeke kigingi cha pili. Endelea hatua 20 nyingine katika mstari ule ule, uchomeke cha tatu. Sasa upe mto mgongo, utembee kwa pembe mraba kutoka kigingi cha tatu, ukitazama nyuma mara kwa mara, mpaka uone kigingi cha pili na mti wa ng'ambo vimesimama katika mstari mmoja. Hapo simama. Hatua ulizotembea tangu kigingi cha tatu ndizo upana wa mto.

Kwa nini? Watoto wasiambiwe, watafute. Ziko pembetatu mbili, moja majini na moja nchi kavu. Kwenye kigingi cha pili pembe zao zatazamana kama za mkasi, basi ni sawa. Kwenye kigingi cha kwanza na cha tatu kila moja ina pembe mraba. Na upande ulio kati ya pembe hizo ni hatua 20 kwa kila moja. Pembe mbili na upande: pembetatu ni sawa kamili, na upande wa majini ni sawa na upande wa nchi kavu. Wayunani wa kale walisema kwamba Thales wa Miletus, aliyeishi yapata miaka 600 kabla ya kuzaliwa Kristo, aliijua kanuni hii, naye aliitumia kujua umbali wa merikebu zilizo baharini.

Wakulima wa milimani nao wana chombo ambacho ni somo tosha. Hufunga miti miwili ya urefu mmoja kileleni, na ufito wa kuikinga katikati, kama herufi A, kisha hutundika jiwe kwa uzi kutoka kileleni. Kwa chombo hiki huonyesha mstari wa matuta ya kuzuia mvua isichukue udongo. Uzi ukipita katikati barabara ya ufito, miguu miwili iko usawa mmoja. Mwulize mtoto sababu. Uzi wagawa pembetatu ya juu katika mbili; miti yake ni sawa, nusu za ufito ni sawa, na uzi ni wa zote mbili. Pande tatu kwa pande tatu! Basi pembe mbili zilizo pale uzi unapokutana na ufito ni sawa, nazo kwa pamoja ni 180. Kila moja ni 90. Uzi wasimama wima kwa uzito wa jiwe, basi ufito umelala sawa, na ardhi iliyo chini ya miguu vivyo hivyo. Ufito ukifungwa mguu mmoja juu kuliko mwingine, chombo chote chasema uongo, na mvua ya kwanza italionyesha hilo.

Mafundi wa kujenga, nao, hupata pembe ya nyumba kwa kamba ya tatu, nne na tano. Wengi hudhani ni siri ya ufundi. Siyo siri. Chora kwa kigunia pembe mraba yenye mikono ya futi 3 na 4. Upande wa tatu utakuwa futi 5, kwa kuwa 9 na 16 ni 25. Pembetatu ya kamba ya fundi ina pande hizo hizo tatu, basi ni sawa kamili na ile ya kigunia, na pembe yake ni mraba, hataka asitake.

Kanuni hizi ziliwekwa katika utaratibu na Euclid, mwalimu wa Iskanderia katika Misri, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Kitabu chake kina sehemu 13, na katika sehemu ya kwanza mna mambo 48: la 4 ni lile la pande mbili na pembe ya kati, la 8 ni la pande tatu, la 26 ni la pembe mbili na upande, la 32 ni la jumla ya pembe, na lile la mwisho ndilo la kamba ya fundi. Kilifasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad katika siku za Harun al-Rashid, kutoka Kiarabu kikafasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, kisha kikapigwa chapa Venice mwaka 1482. Walimu wajue jambo moja. Katika lile la 4 Euclid alisema tu kwamba pembetatu moja ichukuliwe na kuwekwa juu ya nyingine, na wenye elimu walinung'unika kwa karne nyingi kwamba hiyo si hoja. Mwaka 1899 David Hilbert, Mjerumani, aliona afadhali jambo lile likubaliwe kuwa msingi. Kwa hiyo mtoto akiuliza, "Mwalimu, hili la kati nalo tumelithibitisha kwa nini?" si mtoto mbishi, ameuliza walichouliza wakubwa.

Hata nchi nzima imepimwa kwa pembetatu. Mwaka 1879 David Gill, mnajimu aliyekuwa Cape, alitoa shauri kwamba Afrika ipimwe kutoka kusini mpaka kaskazini kufuata mstari wa longitudo 30. Katika kazi hiyo hupimwa mstari mmoja kwa uangalifu mwingi, kisha kutoka kilele cha mlima hata kilele hupimwa pembe tu. Upande mmoja na pembe mbili hutoa pembetatu, na kila pembetatu humpa jirani yake upande wa kuanzia. Mnyororo huo wa pembetatu ulipita magharibi ya Tanganyika, ukapimwa huko baina ya 1931 na 1933, na kipande cha mwisho, kilichokuwa Sudan, kilimalizika mwaka 1954.

Na kile kiwanja changu? Wazee waliamua mawe yawekwe kwa pembe mraba, asipendelewe jirani wa huku wala wa huku. Nilitumwa kupima, safari hii pamoja na mshazari. Nilianza kwenye jiwe la mbele la magharibi, penye mzizi wa mkuyu, nikavuta kamba mpaka jiwe jipya la nyuma la mashariki, na walionishikia ncha zake walikuwa wale majirani wawili. Kwa pande za 80 na 60 ilipasa iwe futi 100. Tulipata futi 99 na inchi 8. Tukasogeza mawe mawili ya nyuma kwa pamoja inchi chache kuelekea mashariki, tukapima pande zote tena, na mshazari, ikawa 100. Namba hiyo niliiandika chini ya zile nne, na tangu siku ile sipokei vipimo vya kiwanja cha pande nne bila cha tano.